Mimba ya miezi saba, mgongo unaniuma: nimepewa diklofenaki, nimeze?

MamaShani, Ujiji
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mimba yangu imeingia mwezi wa saba, ni ya pili. Kazi yangu ni dagaa pale mwaloni Kibirizi: kuanika, kugeuza, kuanua mvua ikitishia. Mgongo huku chini karibu na nyonga unawaka, usiku hata kujigeuza kitandani ni shida. Jana nilipita duka la dawa nikamweleza kijana aliyekuwepo, akanifungia vidonge kumi kwenye karatasi, kaandika kwa kalamu "diclo 1x2". Hakuniuliza chochote, na tumbo hili halifichiki. Sijavimeza. Mama mkwe anasema mjamzito hamezi dawa yoyote ya maumivu, nichuliwe kwa mawese ya moto basi. Shoga yangu anasema Panadol ndiyo salama. Halafu kwenye kundi letu la WhatsApp kuna sauti inazunguka kuwa Panadol inaleta watoto wenye usonji, eti Marekani wameshatangaza. Nishike lipi?

Baba Tatu
Dada usiogope. Mke wangu alikuwa anameza hizo diclo, watoto wote wazima, wanacheza mpira.

Mkunga Mstaafu, Gungu
Marahaba mwanangu. Hivyo vidonge virudishe dukani, usimeze hata kimoja.

Baba Tatu, namshukuru Mungu wanao ni wazima. Ila hukutuambia mimba ilikuwa ya wiki ngapi wala alimeza kwa muda gani, na hapo ndipo penye hatari. Diklofenaki, ibuprofeni ambayo wengi wanaiita Brufen, na aspirini ile ya kutuliza maumivu ni ukoo mmoja. Mtoto tumboni hatumii mapafu kupumua, kwa hiyo ana mshipa mfupi karibu na moyo unaopitisha damu bila kuipeleka mapafuni. Mshipa huo lazima ubaki wazi mpaka azaliwe. Dawa za ukoo huu zinaweza kuufunga kabla ya wakati, hasa kuanzia miezi hii uliyonayo. Tena kuna figo zake. Maji yanayomzunguka sasa hivi, sehemu kubwa ni mkojo wake mwenyewe, na figo zikibanwa na dawa maji hupungua. Ndiyo maana mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya wajawazito waziepuke kuanzia wiki ya 20, isipokuwa daktari aone lazima.

Shoga yako kasema kweli. Paracetamol, ndiyo hiyo Panadol, ndiyo tunayoanza nayo mjamzito akiwa na maumivu au homa, mradi hana ugonjwa wa ini. Kidonge ni miligramu 500. Meza kimoja; kisipotosha, safari nyingine meza viwili. Kati ya dozi na dozi yapite saa sita, na usivuke vidonge vinane kwa saa 24. Ukipata nafuu, acha. Na ukinunua dawa ya mafua soma nyuma ya paketi, nyingi zina paracetamol ndani yake, unajikuta umemeza mara mbili.

Hiyo sauti ya WhatsApp ina chanzo. Septemba 2025 Rais Trump aliwaambia wajawazito wasitumie paracetamol kwa sababu ya usonji. Siku chache hazikupita, Shirika la Afya Duniani likajibu kwamba hakuna ushahidi thabiti wa jambo hilo. Na mwaka 2024 watafiti wa Sweden walitoa matokeo ya watoto karibu milioni 2.5. Walipolinganisha ndugu wa mama mmoja, huyu mama alitumia dawa akiwa na mimba yake na yule hakutumia, hawakukuta tofauti ya usonji. Mimi naogopa zaidi homa inayoachwa iwake. Huku kwetu Kigoma homa ya mjamzito ni kupima malaria siku hiyo hiyo, siyo kuifunika kwa Panadol ukasubiri kesho.

Sasa nijibu: maumivu yanakuja na kuachia kama uchungu? Mkojo unachoma? Kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, uso na mikono imevimba? Lolote kati ya hayo, usimeze kitu ukalala. Nenda kituo cha afya au hospitali ya Maweni ukapimwe presha na mkojo. Kifafa cha mimba mara nyingi huanza na kichwa ambacho watu wanakidhania uchovu.

Mama Junior, Kasulu
Mkunga, umenishtua. Kliniki wamenipa aspirini ndogo ya kila siku kwa sababu mimba iliyopita presha ilipanda. Niache?

Mkunga Mstaafu, Gungu
Usiache, mama. Hiyo ni dozi ndogo sana, unapewa makusudi kukukinga na kifafa cha mimba, na waliokuandikia wanakufuatilia. Ninayoikataza ni ile ya kujinunulia kwa ajili ya maumivu.

MamaShani, Ujiji
Asante sana mama. Hakuna hata kimoja katika hayo, ni mgongo tu, nikiinama ndiyo balaa. Kliniki ni Alhamisi, nitawaeleza. Je, kuchua? Mume wangu ana dawa ya tyubu ya kuchua magoti.

Mkunga Mstaafu, Gungu
Mawese ya mama mkwe hayana neno, ila yawe ya vuguvugu na yaishie mgongoni, tumbo lisikandwe. Lala ubavu, mto katikati ya magoti. Mwaloni omba uanike kwenye chanja badala ya chini, na magunia wabebe wengine mpaka ujifungue. Hiyo tyubu soma jina lililoandikwa kwa herufi ndogo. Nyingi ni diklofenaki hiyo hiyo, na inapenya kwenye ngozi ikafika kwenye damu. Kama ndiyo, mwachie mume wako na magoti yake.