Wazungumzaji wa Kihispania na matamshi ya Kiingereza: waliosoma nao, waliofundisha, waliofanya nao kazi, tupeane uzoefu

Mwalimu wa Kisauni

Habari za jioni wadau. Kazi yangu ni kufundisha Kiingereza cha kuzungumza kwa njia ya mtandao, na wanafunzi wangu karibu wote ni wa Kolombia, Peru na Meksiko. Ni watu wazima wenye kazi zao. Sarufi wanayo, barua pepe wanaandika safi kabisa, lakini wakiingia kwenye kikao na wateja wa Marekani wanaambiwa warudie, warudie tena, mpaka wengine wanaamua kukaa kimya. Linaniuma sana hilo, maana wana mambo ya maana ya kusema.

Najua humu ndani kuna waliosoma nao darasa moja, waliofanya nao kazi, hata waliooana nao. Naomba mfunguke: ni kitu gani hasa kilimsaidia mtu mpaka ulimi ukakaa sawa?

Nianze mimi. Kihispania kina irabu tano tu, a, e, i, o, u, zile zile zetu. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu kama 20 ukijumlisha na zile zinazoanzia hapa na kuishia kule. Lakini nilivyoona darasani, wingi huo wa irabu sio unaowakwamisha zaidi. Kinachowakwamisha ni kuzipa irabu zote haki sawa. Mzungumzaji wa Kihispania, kama sisi, kila silabi anaitamka kamili. Mwingereza anachagua moja ndani ya neno anaikazia, nyingine anazimeza.

Nina mwanafunzi mmoja, mhandisi wa Medellín, alikuwa akisema "com-for-TA-bol", silabi nne zote kamili na mkazo kwenye "ta". Tukaacha habari ya kusahihisha herufi moja moja. Nikampa sentensi "Send John cash", apige kofi tatu. Halafu nikampa "I should have sent it to John in cash", kofi zile zile tatu, mwendo ule ule: "sent", "John", "cash". Hayo maneno mengine yote lazima yabanwe humo katikati, kwa hiyo "should have" inabaki "shudav" na "to" inabaki "ta" hafifu isiyosikika vizuri. Mwanzoni alikataa, akasema anajisikia kama anayeongea ovyo, kama mtu asiyewaheshimu wanaomsikiliza. Nikamwomba ajirekodi namna zote mbili ampelekee dada yake anayeishi Florida amwambie ipi inaeleweka haraka. Jibu la dada ndilo lililomshawishi, si maneno yangu. Sasa "comfortable" anaitamka "KAMF-ta-bl", silabi tatu, basi.

Mkongo wa Houston

Asante mwalimu. Mimi ni mtu wa Bukavu, nilifika Texas nikiwa na Kiswahili na Kifaransa tu. Darasa letu la jioni lilijaa watu wa Honduras na El Salvador, na mwalimu alitambua mapema kwamba tunakosea pande mbili tofauti. Wao walikuwa wanasema "eschool", "estreet", "estop", kwa sababu katika Kihispania neno halianzi na s inayofuatwa na konsonanti nyingine. Tazama maneno yao: escuela, estación, España. Sisi upande wetu mwanzo haukutusumbua, tulikuwa tunaongeza irabu mwishoni: "schooli", "stopu".

Dawa aliyowapa ilikuwa nzuri sana. Usianze na neno lenyewe. Chukua neno la mbele yake linaloishia na s, uvute ile s moja kwa moja mpaka ndani: "bus stop", "gas station", "this street". Vuta "sssss" bila kukata pumzi, halafu "top". Ile e haipati nafasi ya kuingia. Wakishazoea, wanaondoa neno la kwanza na kubaki na s ndefu, kisha wanaifupisha.

Rafiki yangu wa Honduras alikuwa anafanya kazi chumba cha kufulia hotelini na aliogopa sana neno "sheets", maana ukifupisha irabu yake linageuka tusi. Alikuwa anaonyesha mashuka kwa kidole ili asilitaje mbele ya msimamizi. Mwalimu alimfundisha atanue midomo kama anayetabasamu na aivute ile "ii" bila haraka. Ile fupi ya "ship" akamwambia alegeze taya, sauti itoke kati ya i na e. Hapo na mimi nilifaidika, kwa sababu Kiswahili chetu hakina hiyo ya katikati.

Bahari ya Hindi

Wakuu, mimi nauliza kwa nia njema: kwa nini mtu ateseke kutafuta lafudhi ya Mmarekani? Mwaka 2000 mtaalamu wa isimu wa Uingereza, Jennifer Jenkins, alitoa hoja kwamba watu wanaotumia Kiingereza kama lugha ya kukutania hawahitaji kuiga kila kitu cha mzawa. Hata ile th aliiweka nje ya mambo ya lazima. Alichosisitiza ni vitu vinavyovunja uelewano: urefu wa irabu, konsonanti zilizorundikana mwanzoni mwa neno, na neno lipi kwenye sentensi limebeba mkazo. Mtu aeleweke, lafudhi ya kwao abaki nayo.

Mwalimu wa Kisauni

Nakubaliana nawe ndugu yangu, sitaki mtu wa Lima aongee kama wa Chicago. Wanaotaka hivyo wapo na ni haki yao, lakini wengi wanataka tu wasikatizwe. Ila ile hoja ya mkazo ndiyo hasa ninayoizungumzia, na haiji yenyewe, inafanyiwa mazoezi.

Muuguzi wa Zamu

Mimi nina kisa cha wodini. Serikali ya Kenya ilipoleta madaktari wa Cuba mwaka 2018 na kuwagawa kwenye kaunti, hospitali yetu ilipata daktari bingwa mmoja, mama mchapakazi, mpole kwa wagonjwa. Kusoma na kuandika Kiingereza hakumsumbui. Shida ilikuwa maagizo ya mdomo wakati wa dharura.

Namba ndizo zilizotutisha. "Fifteen" na "fifty" kwake zilitoka karibu sawa. Mkazo aliuweka mwanzoni kote kuwili, na ile n ya mwisho Wacuba huipeleka puani inasikika kama ng' ya ng'ombe, hafifu. Sasa mililita 15 na mililita 50 si mchezo. Tukakubaliana naye kwamba kila namba itajwe tarakimu moja moja, "one five", "five zero", na anayepokea arudie kabla ya kuvuta dawa. Huo ndio utaratibu uliotulinda.

Lakini yeye hakuridhika na kukwepa. Baada ya raundi alikuwa anakaa nasi anafanya zoezi: thir-TEEN, THIR-ty, four-TEEN, FOR-ty, anagonga meza pale penye mkazo. Nikamwambia hata kwetu mkazo unabadilisha maana, nikamtamkia barabara ile ya magari na barabara ile ya "sawasawa". Akanijibu kwamba kwao ni hivyo hivyo: término, termino, terminó, maneno matatu kwa kuhamisha mkazo tu. Toka siku hiyo alishika. Tatizo lake halikuwa sikio. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba Kiingereza nacho kinatumia mkazo kwa namna hiyo, maana hakiuandiki.

S ya mwisho ndiyo iliendelea kumponyoka. Wacuba hata katika lugha yao huilegeza mpaka inabaki pumzi. "Two tablet", "three day". Hiyo haikutuletea hatari, kwa hiyo hatukumsumbua nayo.

Mtembeza Watalii, Arusha

Dada muuguzi, umesema kweli kuhusu maandishi. Wageni wangu wa Madrid wakiwa porini husema "le-o-pard" kama lilivyoandikwa, na sisi madereva wengi tulilianza hivyo hivyo, kumbe ni "LEPad". Lugha zetu zote mbili zinasomwa kama zilivyoandikwa, kwa hiyo tunaiamini mno karatasi. Ushauri wangu ni neno lisikiwe kwanza, kuandikwa baadaye. Kamusi ya Cambridge mtandaoni ina sauti za Uingereza na Marekani, na haina malipo.

Mengine niliyoyaona: v na b kwao ni sauti moja, kwa hiyo "vulture" inakuwa "bulture". Nawaambia waguse mdomo wa chini kwa meno ya juu, kama sisi kwenye "viatu". "Yes" inatoka "jes", dawa yake ni kuanza na i: "i-es", kisha uongeze kasi. H ya Kiingereza Wahispania huitamka nzito kama kh ya "kheri", waipunguze mpaka ibaki pumzi tu. Wahispania wengi wa Spain th wanayo tayari, ipo kwenye "gracias". Wa Amerika ya Kusini hawana, lakini d ya katikati kwenye "nada" iko karibu sana na dh yetu, waichukue hiyo waipeleke kwenye "mother".

Mzaliwa wa Mji wa Kale

Niongeze moja ambayo wengi hawaisemi. P, t na k za Kihispania hazina pumzi. Mhispania akisema "pan" Mwingereza anasikia "ban", na "time" anasikia "dime". Wazee wetu wa Mombasa wanaijua tofauti hiyo, maana paa la nyumba na paa mnyama hatuvitamki sawa, yule mnyama ana pumzi. Shika kipande cha karatasi mbele ya midomo. Ukisema "pan" na karatasi haijatikisika, bado.

Msomi Valencia

Ninaoishi nao nyumba moja wanalalamika kwamba walisoma Kiingereza shuleni miaka na miaka bila kukisikia. Sababu mojawapo ni filamu. Mwaka 1941 serikali ya Franco, dikteta wa Hispania, iliamuru filamu za kigeni ziingizwe sauti ya Kihispania, na ingawa amri ile iliondoka, mazoea yalibaki. Jirani zao Wareno wanaweka maandishi chini ya picha na sauti ya asili inaachwa.

Kilichomsaidia mwenzangu ni kuchukua kipande kifupi sana cha mazungumzo, sekunde chache, akakisikiliza mpaka akakijua kwa kiimbo chake, kisha akakisema pamoja na msemaji bila kusubiri amalize. Kipande kimoja wiki nzima. Nilikuwa nasikia sentensi zile zile kupitia ukutani kila usiku.

Mkongo wa Houston

Mwalimu, kabla uzi haujapoa: mwenzangu bado anasema "work-ed", "ask-ed", "stop-ped". Mnafanyaje?

Mwalimu wa Kisauni

Dada, "-ed" inakuwa silabi kamili pale tu kitenzi kinapoishia na t au d, kama "wanted" na "needed". Kwingine ni t au d pekee: "workt", "stopt", "cleand". Shida ni kwamba Kihispania hakipendi konsonanti mbili kurundikana mwishoni mwa neno, kwa hiyo ama wanaongeza irabu ama wanaitupa ile t.

Mimi huwapa kila mara neno linalofuata lianze na irabu. Kihispania chenyewe kinaunganisha maneno, "los amigos" kinasikika "lo-samigos", kwa hiyo hilo wanaliweza tangu utotoni. Mwambie aseme "worked in" kama "wer-ktin", "stopped at" kama "sto-ptat". Ile t inahamia neno la pili na inatamkika bila kulazimishwa. Akiyazoea hayo, mpe sentensi mbili tatu za kazini kwake, za jana yake halisi: "I worked in the laundry", "I asked if she was ready". Ajirekodi, unitumie hapa hapa nimsikilize.