MJADALA: Ruzuku za utafiti wa mazingira zichezeshwe bahati nasibu?

Tandabui (mwanzisha mada)
Wakuu, salaam. Nina jambo linanikosesha usingizi kila msimu wa maombi. Serikali inatenga fungu la utafiti wa mazingira, inatangaza, sisi tunakesha. Andiko la mradi, bajeti, maelezo ya bajeti, wasifu wa kila mshiriki, mpango wa kutunza data, barua ya mkuu wa taasisi yenye muhuri. Wanapata wachache. Waliobaki tunaletewa barua ile ile: "Tunasikitika kukujulisha."
Watafiti wa Australia waliwahi kupiga hesabu ya maombi ya fungu la serikali yao la utafiti wa afya, yale ya 2012. Maombi zaidi ya 3,700. Muda uliotumika kuyaandika, ukiujumlisha, ni kama miaka 550 ya mtu mmoja kukaa kazini. Waliopata ni kama mmoja kati ya watano. Ile miaka ya wanne waliokosa nani anairudisha?
Hoja yangu: wahakiki wachuje mabovu, yanayobaki yaingie kapuni, mtu afumbe macho achomoe. Mfuko wa sayansi wa Uswisi tangu 2021 unachezesha bahati nasibu pale maombi yanapolingana. New Zealand nao wana ruzuku moja ya hivyo upande wa afya, nadhani tangu 2015. Mazingira tunangoja nini?

Mlipakodi_Halisi
Kamari kwa kodi yangu? Chezeni na mishahara yenu. Kwanza huo utafiti wa mazingira wenyewe ni upi? Mtu mzima anavaa mabuti usiku, anashika tochi, anakwenda kuhesabu vyura. Serikali inamlipa. Halafu anakuja hapa kulia kwamba fomu ni ndefu.

Karani_Mstaafu
New Zealand ni 2013, siyo 2015. Turekebishane mapema kabla haijanukuliwa kwingine.

Bwawani
Mimi ndiye mtu mzima mwenye mabuti.
Tena ndugu yangu Mlipakodi umekosea kuhusu tochi. Tukifika bwawani tunaizima. Tunasimama gizani mpaka wasahau kama tupo na waanze kulia tena, halafu dakika tano ni masikio tu: huyu anagonga kama kijiko kwenye bilauri, yule anakoroma kama mlango mkavu. Tunaandika kwa penseli kwa sababu wino unayeyuka daftari likilowa. Kwenye fomu ya ruzuku kazi hiyo yote ni mstari mmoja, "ukusanyaji wa data uwandani", na mhakiki aliuliza kwa nini penseli ni nyingi.

Kinyonga_Mkweli
Hahaha, mhakiki kahesabu penseli, dada kahesabu vyura, kila mtu na wito wake.

Mlipakodi_Halisi
Sijabisha kwamba mnajua kuwahesabu. Nauliza: tukishajua wako 46, tunafanya nini? Tuwaandikishe kupiga kura?

Bwawani
Usipojua mwaka jana walikuwa 46, mwaka huu wakiwa 9 utajuaje?
Soma habari za Costa Rica na Panama. Kuna ukungu unaoshika ngozi ya chura na kumuua. Ulipita misituni huko kuanzia miaka ya 1980, eneo baada ya eneo, vyura wakaisha. Mwaka 2022 watafiti wakaweka ramani ya vifo vya vyura juu ya takwimu za malaria za wilaya kwa wilaya. Vyura walipotoweka, malaria ikapanda kwa miaka kadhaa. Ndiyo, malaria ya watu, walipakodi halisi kama wewe. Na hesabu hiyo iliwezekana kwa sababu kuna waliosimama kwenye matope na penseli wakati hakuna aliyewaona wa maana.

Mlipakodi_Halisi
Haya, sasa chura ni chandarua.

Msomi_Mkavu
Taratibu hapo. Uhusiano wa mambo mawili haumaanishi moja limezaa jingine. Huenda misitu ilikatwa, huenda dawa zilipungua.

Bwawani
Kaka, unadhani hawakufikiria misitu? Waliiweka kwenye hesabu. Tena ukungu ulisafiri kama wimbi, wilaya hii kabla ya ile, na malaria ikafuata kwa mpangilio ule ule. Umesoma au umesikia tu?

Msomi_Mkavu
Nimesoma muhtasari.

Kinyonga_Mkweli
Basi umeshatimiza vigezo vya kuwa mhakiki wa ruzuku.

Mhakiki_wa_Pili
Hilo limenigusa, na sikutaka kuandika leo. Nimekaa kwenye majopo hayo miaka kadhaa. Mnajua tunavyofanya? Ninapewa maombi 14. Silipwi kitu, au napewa shukrani kwenye karatasi yenye nembo. Mchana nafundisha. Maombi nayasoma usiku nyumba ikilala. La kwanza nalisoma neno kwa neno na kuandika maoni kurasa mbili. Likifika la kumi na moja macho yamejaa mchanga, naanza na muhtasari, naruka kwenye bajeti, narudi kwenye malengo. Siyo uvivu. Na swali la penseli, kama ni mimi niliuliza, nisamehe dada yangu. Lakini tuambiane ukweli, nimeona bajeti iliyoweka kompyuta ndogo sita kwa watafiti wawili.

Bwawani
Sisi tulikuwa watano na kompyuta moja, mzee wangu. Shikamoo, na asante kwa kukiri.

Fundi_Bajeti
Marahaba kwa niaba yake, tuendelee. Kuna jambo hamlitaji. Mtafiti akipata ruzuku, hela zote haziendi bwawani. Taasisi inakata yake kwanza: umeme, maabara, wahasibu, ulinzi. Marekani mwaka 2025 serikali ilitaka gharama hizo zisizidi asilimia 15 kwenye ruzuku za taasisi yao ya afya, kisha ikaingiza na mfuko wao wa sayansi. Vyuo vikaenda mahakamani, mahakama ikazuia. Kila upande ukasema unatetea sayansi.

Mlipakodi_Halisi
Hapo sasa! Chura hali hata hiyo hela. Inaliwa na ofisi yenye kiyoyozi.

Fundi_Bajeti
Nani kasema inaliwa? Wewe unapofanyia kazi hakuna taa? Ile friji ya kutunzia sampuli inawaka kwa dua? Mimi ndiye ninayekaa na stakabadhi za mafuta ya gari zilizofutika mpaka nazisoma dhidi ya mwanga wa dirisha. Mtafiti anarudi toka uwandani na masurufu hayajarejeshwa, mkaguzi yuko mlangoni, anayeitwa ni mimi. Naomba heshima kidogo.

Mto_na_Bahari
Naomba nirudi kwenye swali, kama bado lipo. Kabla ya bahati nasibu kuna dawa nyepesi zaidi. Mfuko wa sayansi wa Marekani, upande wa sayansi za dunia, uliondoa tarehe ya mwisho kwenye programu nne, ukasema leteni wakati wowote kazi ikiwa tayari. Maombi yakashuka asilimia 59. Ina maana wengi walikuwa wanaandika kwa sababu mlango unafungwa, siyo kwa sababu wana wazo. Yakipungua, wahakiki wanasoma vizuri, na waliokosa ni wachache. Tujaribu hilo kwanza?

Kinyonga_Mkweli
Fundi, stakabadhi zilizofutika zinatoka kwenye zile mashine za karatasi ya joto. Zipige picha siku hiyo hiyo.

Fundi_Bajeti
Mkaguzi anataka halisi. Picha siyo halisi.

Msomi_Mkavu
Picha yenye tarehe ni ushahidi bora kuliko karatasi nyeupe.

Fundi_Bajeti
Njoo umwambie mkaguzi.

*(Hapa walibishana kuhusu stakabadhi kwa majibu kama 30, nayaruka. — Tandabui)*

Mlipakodi_Halisi
Narudi kwa vyura. Sina chuki nao. Kinachoniudhi ni neno lenyewe. Mnasema "ruzuku" kama vile ni haki yenu. Ruzuku ni msaada. Ukisaidiwa unasema asante, hauweki masharti ya kuchezesha kapu.

Karani_Mstaafu
Ruzuku na riziki ni mtu na mdogo wake, mzizi mmoja. Mungu humruzuku mja wake. Lakini serikali siyo Mungu, na hela ni za huyo huyo mja. Kwa hiyo sioni asante inaelekezwa wapi.

Mlipakodi_Halisi
Inaelekezwa kwangu, ndicho ninachosema toka asubuhi.

Bwawani
Asante.

Kinyonga_Mkweli
Kwisha habari yake.

Msomi_Mkavu
Nirudi kwenye uzito. Tatizo la vitu vya kuhesabu-hesabu ni kwamba hata mtafiti mwenyewe hawezi kuahidi matokeo. Fomu inauliza "matokeo tarajiwa", yeye anaandika "tutajua idadi". Serikali haiwezi kulipia jambo lisilo na mwisho. Matatizo makubwa yanagunduliwa na vyombo vikubwa. Tundu la ozoni, lile tabaka la juu linalotukinga na miale mikali ya jua, liligunduliwa na satelaiti za NASA, shirika la anga la Marekani, halikugunduliwa na mtu mwenye daftari.

Karani_Mstaafu
Kaka Mkavu, leo umeamka vibaya. Tundu la ozoni lilitangazwa 1985 na Waingereza watatu, Farman, Gardiner na Shanklin, kwa chombo cha ardhini kituoni Halley, Antaktika. Vipimo vilianza pale 1956, mwaka nenda mwaka rudi, namba zile zile zinazochosha. Satelaiti ya NASA iliziona namba za chini, lakini programu ya kompyuta ikaziwekea alama ya mashaka, zikakaa pembeni. Mwenye daftari ndiye aliyepiga kelele. Mkataba wa Montreal wa kulinda ozoni ukasainiwa 1987. Sasa niambie, 1970 ungeandika nini kwenye kisanduku cha "matokeo tarajiwa"?

Msomi_Mkavu
Nakubali kuhusu satelaiti. Sikubali kwamba kila daftari ni Halley.

Bwawani
Hakuna aliyesema hivyo. Tunasema hujui lipi, mpaka miaka 30 ipite, na ruzuku ni ya miaka mitatu. Mwanasayansi Mmarekani, Keeling, alianza kupima kaboni dayoksaidi ya hewani kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, 1958. Ukiangalia mchoro wake karibu, 1964 kuna pengo la miezi. Hewa ilikuwepo, hela ndiyo iliyokatika. Mimi pia nina pengo langu. Msimu mmoja nilinyimwa kwa maneno manne: "Mradi hauna jambo jipya." Mwaka uliofuata nikabadilisha kichwa, nikatia neno "ubunifu" mara mbili na "mfumo jumuishi" mara moja, vyura wale wale, bwawa lile lile. Nikapata. Lakini msimu wa katikati haupo, na mvua ya msimu ule haitanyesha tena ili niihesabie.

Mhakiki_wa_Pili
Hiyo ya "ubunifu" inatuuma na sisi. Fomu ya alama ina kipengele cha upya wa wazo. Hakuna kipengele cha "endelea usiache". Nikikupa alama za haki unashindwa, nikikupa alama za huruma nimevunja kanuni.

Mto_na_Bahari
Kuhusu kuondoa tarehe ya mwisho, hamna hata mmoja aliyenijibu.

Tandabui
Ndugu Mto nimekuona. Mimi mwenyewe nimejikuta nasoma vyura na stakabadhi nimesahau niliuliza nini. Bado nashikilia kapu, lakini naona dada Bwawani kapu lingemnyima mara mbili badala ya mara moja. Hilo sikulifikiria.

Bwawani
Mimi kapu silipingi. Kapu halisomi penseli zangu. Kwangu kushindwa kwa bahati kunauma kidogo kuliko kuambiwa sina jambo jipya. Ila sitaki kapu kwa anayeendeleza vipimo vya miaka. Huyo apewe kidogo kidogo bila kuacha, hata cha mafuta ya gari tu.

Mlipakodi_Halisi
Kidogo kidogo kiasi gani?

Bwawani
Nitakujibu baadaye, mfumo wa maombi unafungwa saa 11 jioni na kiambatisho namba 7 hakikubali kupanda. Barua ya mkuu. Unaniambia faili ni kubwa mno.

Kinyonga_Mkweli
Subiri. Siku nzima uko hapa na maombi hujatuma?

Bwawani
Nimeyatuma yote kasoro hiyo. Mkuu amesaini leo saa saba.

Mlipakodi_Halisi
Umeiskani kwa rangi, siyo? Iskani upya nyeusi na nyeupe, punguza ubora mpaka 150. Muhuri utasomeka. Kazi yangu ni hizi hizi mashine.

Mto_na_Bahari
Unaona sasa? Tarehe ya mwisho.

Bwawani
Imepanda. Saa 10 na dakika 52. Asante, kaka.

Mlipakodi_Halisi
Hiyo asante ya pili naipokea. Umeomba penseli ngapi safari hii?

Bwawani
40.

Mhakiki_wa_Pili
Nitaomba lisije kwangu.