Tupeane uzoefu: goti kuuma upande wa nje kwa wakimbiaji na wapanda milima

Wakuu, habari zenu. Kila Kilimanjaro Marathon ikikaribia, watu wanaongeza kilomita kwa haraka na magoti yanaanza kulalamika. Nazungumzia maumivu ya upande wa nje wa goti. Aliyepitia hili aeleze lilianzaje na nini kilimsaidia.

Naanza mimi. Nakimbia Dar, mara nyingi Masaki hadi daraja la Tanzanite. Kilomita za mwanzo nilikuwa mzima kabisa, kisha nikifika umbali fulani goti linachoma pembeni. Nikisimama maumivu yanatulia, nikianza tena yanarudi palepale. Hapakuwa na uvimbe wala sikuwa nimeanguka. Mtaalamu wa fiziotherapia alibonyeza kifupa cha nje, juu kidogo ya maungio, nikaruka. Akaniambia ni mkanda wa iliotibiali: tishu pana na ngumu inayotoka nyonga, inashuka ubavuni mwa paja na kushikilia mfupa wa muundi chini ya goti. Goti likikunjwa kama nyuzi 30, mkanda huo hukandamiza tishu laini zilizopo kati yake na mfupa wa paja. Kila mguu unapotua, goti linapita hapohapo.

Kilichonisaidia ni kupunguza umbali nisifike pale panapoanza kuuma, na kuimarisha nyonga: kulala ubavu na kuinua mguu wa juu ukiwa umenyooka, kisha kujiinua kwa kiwiko, mwili ukiwa umenyooka. Nyonga ikiwa dhaifu, paja linaanguka kwa ndani na mkanda unavutika. Kuviringisha paja juu ya silinda ya povu gumu (foam roller) kunapunguza ukakamavu kwa muda, ila mkanda wenyewe haurefuki, kwa hiyo msitegemee hilo peke yake.

*

Mchangiaji, Moshi:
Mkuu, asante kwa uzi. Mimi ni mwongoza wageni mlimani. Watu wanaogopa kupanda, lakini magoti yanaharibikia kwenye kushuka. Wanaoshukia njia ya Mweka wanatoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, na siku hiyohiyo wanalala kambi ya Mweka, kama mita 3,100. Fikiria ngazi za karibu mita 2,800, na usiku hukulala. Wageni wangu nawapa fimbo mbili tangu kambi ya Barafu, nawaambia hatua fupi, magoti yakunjwe kidogo, na mzigo mzito wasiubebe wao. Wapagazi nao wanaumia, tena sana, ila wanakaa kimya kwa kuogopa kukosa safari inayofuata. Hili linaniuma kuliko yote. Viongozi wenzangu, tuwaulize tukiwa bado kambini.

*

Mchangiaji, Nairobi:
Kwangu ilikuwa goti la kulia tu. Nilikuwa nakimbia upande uleule wa barabara kila asubuhi, nikitazamana na magari, na lami imeinama kuelekea mtaro. Mguu wa kulia ndio uliokuwa chini. Kocha wetu alinihamishia uwanjani na kwenye njia tambarare, akanifundisha kupiga hatua fupi za haraka zaidi. Ngong Hills nilirudi baadaye, napanda kwa kukimbia na kushuka kwa kutembea.

*

Mchangiaji, Dodoma:
Samahani wakuu, mimi niliteleza kwenye mawe. Goti limevimba, na wakati mwingine linakwama, halinyooki. Hayo mazoezi ya nyonga niyaanze?

*

Mleta mada:
Pole sana ndugu yangu. Usiyaanze kwanza. Kuvimba baada ya kuteleza, kukwama, au goti kukuachia ghafla si dalili za mkanda huu. Gegedu au kano za ndani zinaweza kuwa zimechanika. Nenda hospitali daktari alipime. Na kwa wengine, msimeze diklofenaki ili mmalize mbio. Inaficha maumivu huku goti likiendelea kuumia.

*

Mchangiaji, Arusha:
Nimejiandikisha nusu marathoni ya Moshi na goti limeanza wiki hii. Niache?

*

Mchangiaji, Moshi:
Dada, njia ile inapanda kuelekea Mweka halafu inakurudisha mjini kwa mteremko mrefu. Jaribu kwanza kushuka ngazi bila maumivu, kisha mteremko mfupi karibu na nyumbani. Goti likiuma, mwaka huu kimbia ile ya kilomita 5.