Naomba ushauri: gesi inanata kwenye vumbi la anga, inatokaje sasa?
Wakuu habari, naandika kiprogramu cha kuhesabu gesi inavyonata kwenye chembe za vumbi kati ya nyota na inavyobanduka. Kunata sina shida, kwenye 10 K (kelvini, yaani kama nyuzi -263 za Selsiasi) karibu kila molekuli ya kaboni monoksidi ikigonga chembe inaganda hapohapo. Ishu ni kutoka, nikiweka joto peke yake haibanduki mpaka kama 20 K, maji ndo kabisa yanataka 100 hivi, kwahiyo wingu langu linaisha gesi yote wakati darubini za redio bado zinaiona humo! Niongeze urujuanimno (mwanga wa UV) na miale ya kosmiki (chembe zenye kasi kubwa sana zinazopita angani) ziibandue, au nianze na ipi? Halafu nguvu ya kunata niweke namba moja tu au itofautiane uso ukiwa barafu au jiwe tupu? Aliyewahi kufanya hii anisaidie jamani