Kila nchi ijitosheleze kwa damu yake? Uingereza waliahidi, wenye hemofilia wakaumia

Mleta mada

Wakuu, naleta hili tulijadili bila jazba. Tarehe 20 Mei 2024 jaji mstaafu Brian Langstaff alitoa ripoti ya uchunguzi wa damu yenye maambukizi Uingereza. Watu zaidi ya 30,000 waliambukizwa VVU au homa ya ini, na takriban 3,000 wameshafariki. Wenye hemofilia na maradhi yanayofanana nayo waliopata VVU ni kama 1,250. Kati yao 380 hivi walikuwa watoto.

Kwa asiyejua: mwenye hemofilia amezaliwa na upungufu wa protini ya kugandisha damu, wengi ile iitwayo faktari ya 8. Goti linaweza kujaa damu usiku bila hata kujikwaa. Miaka ya 1970 ikaja dawa ya kuirudisha faktari hiyo, ya unga, unaikoroga na maji maalumu, unajidunga nyumbani, unaenda shule. Watu waliishangilia, na walikuwa na haki. Tatizo ni kwamba ilitengenezwa kwa plazma, yaani majimaji ya damu, na plazma ya maelfu ya watu ilimiminwa kwenye pipa moja. Mmoja tu akiwa na virusi, pipa zima limeharibika.

Na plazma hiyo ilitoka kwa nani? Nyingi ilinunuliwa Marekani kutoka kwa watu waliolipwa, wakiwemo wafungwa. Mwaka 1975 waziri David Owen alitenga pauni 500,000 ili Uingereza ijitosheleze kwa faktari 8 ndani ya miaka michache. Miaka ikapita, haikujitosheleza, na dawa ya Marekani ikazidi kuingia.

Msimamo wangu: damu si sukari. Usiagize. Kila taifa likusanye kwa watu wake, bila malipo.

Fundi wa maabara

Mkuu, umesimulia Uingereza ukaishia mpakani. Vuka bahari uende Ufaransa.

Wafaransa walijivunia wachangiaji wao wa hiari wasiolipwa. Lakini hao hao walikuwa wakichangisha damu hata magerezani. Kufika Mei 1985 wakuu wa kituo chao cha taifa cha damu walijua akiba yao imeshaambukizwa. Dawa iliyopashwa joto kuua virusi ilikuwepo, hasa ya kutoka nje. Walifanya nini? Waliendelea kugawa ile ya zamani hadi mwanzoni mwa Oktoba. Mkurugenzi, Michel Garretta, alihukumiwa kifungo cha miaka 4 mwaka 1992. Pale "chetu kwanza" ndiyo iliyoua.

Rudi Uskoti sasa. Wao walikaribia sana kujitosheleza, damu ya Waskoti wenyewe, hakuna aliyelipwa. Mwaka 1984 toleo moja la dawa yao likawaambukiza VVU wagonjwa zaidi ya kumi Edinburgh. Na homa ya ini C ilikuwa kwenye karibu kila dawa ya pipa kubwa isiyopashwa joto, ya Uingereza kwa ya Marekani.

Virusi havina pasipoti. Kilichowaokoa watu ni joto, vipimo, na baadaye faktari inayotengenezwa maabara bila kutegemea damu ya mtu, iliyoanza kuidhinishwa 1992.

Mleta mada

Ya Ufaransa nakubali, imenipiga. Lakini usinivushe haraka hivyo. Hiyo dawa iliyopashwa nyuzi joto 80 kwa saa 72, iliyokomesha VVU na homa ya ini C kwa pamoja, ilitoka wapi? Elstree, kiwanda cha umma cha Uingereza, mwaka 1985. Mwenye kiwanda chake hasubiri muuzaji amalize akiba yake. Kama zile pesa za Owen zingefuatwa na nyingine, na kiwanda kikapanuliwa mapema, wangapi wangenusurika?

Fundi wa maabara

Wapo ambao wangenusurika, hilo sibishi. Homa ya ini isingewaacha lakini, maana kabla ya joto kiwanda chako kingewapa hiyo hiyo. Halafu angalia kejeli ya mambo: mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa hofu ya ugonjwa wa ubongo uliohusishwa na ng'ombe wenye kichaa, Uingereza iliacha kutengeneza dawa kwa plazma ya watu wake, ikaagiza. Kutoka wapi? Marekani. Zuio hilo la plazma ya ndani lilianza kulegezwa 2021. Nchi inayotegemea chanzo kimoja, kiwe cha ndani au cha nje, siku chanzo hicho kikipata doa inakwama.

Mama wa wawili

Naomba niingie, wanangu wawili wana hemofilia. Mnabishana kuhusu viwanda. Sisi huku Tanzania, na Wakenya vilevile, hatuna kiwanda cha kutenganisha plazma hata kimoja. Faktari tunayopata sehemu kubwa ni msaada kupitia Shirikisho la Hemofilia Duniani. Ikiisha, tunarudi kwenye krayo, yaani mashapo yenye faktari yanayotolewa kwenye plazma ya wachangiaji, au plazma iliyogandishwa, kama ipo.

Krayo ni damu ya nyumbani kabisa, mkuu mleta mada, hiyo unayoitaka. Mwanangu ana kilo 30. Goti likivuja anahitaji kama mifuko saba au nane, yaani watu saba au nane. Wamepimwa, ndiyo. Ila aliyeambukizwa juzi kipimo hakimwoni, na krayo haipashwi joto. Kwa hiyo dawa ya kuagizwa ndiyo salama zaidi kwake, ile ya nyumbani ndiyo inayoninyima usingizi.

Kaka yake alizidiwa mwaka juzi, hospitali nisiyoitaja, friji ya damu tupu. Tuliambiwa tulete ndugu wachangie. Shemeji yangu alikuja mbio toka kazini na ovaroli yake. Nilimshukuru, na huku nikijiuliza maswali ambayo shemeji haulizwi.

Mleta mada

Dada, pole sana. Sikulifikiria la krayo. Basi nibadili swali: tuanze na nini, kiwanda au faktari ya maabara kwenye bajeti?

Mama wa wawili

Bajeti. Kiwanda kinataka plazma nyingi mno, nasi hata chupa za wajawazito na wa ajali hazitoshi. Lakini msaada nao nauogopa. Anayetoa anaweza kuacha, na hakuna wa kumshtaki.

Fundi wa maabara

Na mashine za kupima vinasaba vya virusi zifike mikoani, maana krayo mtaendelea kuitumia miaka mingi bado. Mwenye takwimu za mkoa wake azilete hapa.