Naomba ushauri: mchicha ukiharibika njiani, hasara ni ya nani?

Asalaam aleykum ndugu zangu. Sisi ni nyumba 14 hapa mtaa wa Langoni, Amu (Lamu). Tangu Ramadhani tunachanga pesa na kuagiza chakula moja kwa moja kwa wakulima wa sehemu za Hindi na Mpeketoni, huko bara: muhogo, kunde, maembe, mchicha. Mzigo hushuka gatini Mokowe, ukavuka kwa boti, kisha punda hadi barazani kwangu, tukagawana kwa mizani ya kuazima.

Juma lililopita boti ilichelewa, magunia yakakaa juani. Mchicha ulifika umenyong'onyea, majani meusi, unateleza mkononi. Nusu ya wenzangu wakagoma kulipa. Mama aliyeulima aliamka alfajiri kuuvuna, kosa lake ni lipi? Nikamtumia pesa yake kwa M-Pesa, kutoka mfukoni mwangu. Sitaki arudi kwa madalali. Lakini nitalipa mara ngapi?

Je, tuweke mfuko wa kubeba hasara pamoja? Na tujiandikishe kuwa ushirika (watu 10 watosha kisheria), au tutajiletea makaratasi tu? Pia twataka kuwaalika wakulima hao waje wale pilau nasi. Nauli tukiwalipia, hawataona twawafanyia hisani?