Mjadala: Dalali wa kupunguza mzigo wa umeme, Dar tumkubali?

Wakuu, salaam.

Bwawa la Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Lakini transfoma ya mtaa ikizidiwa jioni, iwe Mbagala au Goba, giza ni lilelile. Hapo umeme upo, njia ndiyo imejaa.

Uholanzi njia zimejaa hadi viwanda vinapanga foleni kuunganishiwa umeme. Huko zipo kampuni za kati, ndizo madalali ninaowasema, zinazoingia mikataba na maghala ya ubaridi, vitalu nyumba na wenye betri, kisha zinawauzia wenye gridi punguzo la matumizi yao kwa pamoja saa ya msongamano. Tangu 2019 wenye gridi wana jukwaa lao la kulinunulia, GOPACS.

Naunga mkono tuanze na sisi, kwa wateja wakubwa kwanza. Mwenye chumba cha ubaridi akizima kompresa saa nzima na mlango ukabaki umefungwa, samaki walioganda vizuri hawaharibiki. Ila TANESCO haiwezi kumpigia simu kila mwenye ghala kila jioni. Anayewakusanya wote na kuwazima kwa pamoja ana kazi ya maana.

Najua mtataja Richmond na IPTL, kampuni binafsi za kufua umeme, na mna haki. Kashfa ya mkataba wa Richmond ilimwondoa Waziri Mkuu 2008. IPTL tuligombana nayo miaka mingi juu ya malipo ya mtambo kuwepo tu. Kwa hiyo dalali huyu asilipwe kwa kukaa tayari. Alipwe kilowati zilizopungua, kwenye laini iliyozidiwa.

Ugumu uko kwenye kupima. Mita inasoma kilichotumika. Kisichotumika kinakadiriwa kwa kulinganisha na siku zilizotangulia. Mjanja atawasha kila mashine wiki nzima ili siku ya malipo aonekane kapunguza. Kanuni ya kukadiria lazima itungwe na EWURA, mdhibiti wa nishati, ichapishwe, dalali asiiguse. Na anayehamia jenereta la dizeli asihesabiwe kabisa, maana moshi wake tunauvuta majirani.

Wanaosema tuongeze transfoma, sawa, ziongezwe. Lakini ukinunua transfoma kubwa kwa ajili ya saa tatu za jioni tu, gharama yake inarudi kwenye bei ya uniti.

Mnaopinga, nijibuni hili: mwenye ghala alipwe azime kwa hiari, au mtaa mzima ukatiwe bila kulipwa chochote?